Macho ya Manjano, Choo Kilichopauka: Uvimbe wa Mrija wa Nyongo kwa Watoto wa Mashariki mwa Uganda

Mtoto akionekana na macho ya manjano huko Buwenge, wa kwanza kushukiwa ni mbu, na mara nyingi shaka hiyo ni ya haki. Busoga, Bugisu na Teso ni nchi za malaria. Katika hospitali za Mbale na Soroti madaktari wamewahudumia watoto wengi, na kuandika habari zao katika majarida ya tiba, ambao malaria iliwavunjia chembe nyekundu za damu kwa kasi hadi mkojo ukatoka mweusi wa rangi ya kahawa na macho yakageuka manjano. Yupo pia mtoto wa selimundu, ambaye macho yake hupata umanjano kila damu inapovunjika. Zipo na homa za ini. Kwa hiyo mama anayemkimbiza mwanawe kituo cha afya, akapimwa malaria na kupewa dawa, hajakosea lolote, wala mhudumu aliyempokea hajakosea.

Makala haya yanamhusu mtoto mwingine. Amemaliza dawa ya malaria, akapewa nyingine. Amepimwa selimundu, hana. Bado macho ni ya manjano, bado analalamika tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, na choo chake kimepoteza rangi. Damu ya mtoto huyu haina kosa. Njia ya nyongo ndiyo imeziba, na mojawapo ya sababu za kuziba huko ni uvimbe wa mrija wa nyongo ambao mtu huzaliwa nao. Ni ugonjwa adimu. Lakini unatibika kwa upasuaji, upasuaji huo hufanyika ndani ya Uganda, na mtoto anayefanyiwa mapema hukua, akasoma, akaoa au kuolewa kama wenzake. Asiyefanyiwa hukabiliwa na homa zisizokwisha, ini linalogeuka kovu, na baadhi hupata saratani ya mirija ya nyongo wakiwa watu wazima.

Kinachowatenganisha hao wawili aghalabu huanza na jambo ambalo mama anaweza kuliona bila mashine yoyote.

Tazama choo, usitazame macho peke yake

Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana. Nyongo hushuka kwa mirija midogo inayoungana kuwa mmoja, sehemu yake ikahifadhiwa katika mfuko wa nyongo, kisha humiminika kwenye utumbo mwembamba mahali ambapo mrija wa kongosho nao hufungukia. Huko husaidia kumeng’enya mafuta. Pia hubeba bilirubini, takataka ya manjano inayobaki chembe nyekundu zilizozeeka zinapovunjwa. Bilirubini hiyo, ikishageuzwa na bakteria wa tumboni, ndiyo inayokipa choo rangi yake ya hudhurungi.

Sasa fikiria yanayotokea katika hali mbili. Malaria au selimundu ikivunja damu kwa wingi, bilirubini huzidi, lakini njia ya kuipeleka utumboni iko wazi. Choo hubaki na rangi yake, au hukolea. Njia ikiwa imeziba, bilirubini haifiki utumboni. Hurudi kwenye damu, hutoka kwa mkojo na kuufanya uwe wa rangi ya chai isiyo na maziwa, na choo hubaki cheupe, cha kijivu au cha manjano hafifu, kama udongo mweupe. Mtoto huanza kujikuna mwili mzima ingawa hana upele. Mama anayemwambia daktari “mwanangu ana macho ya manjano” amempa nusu ya habari. Akiongeza “na choo chake ni cheupe,” amempa nyingine, tena iliyo muhimu zaidi.

Kwa mtoto mchanga jambo hili ni rahisi kwa sababu nepi iko mkononi. Kwa mtoto wa miaka minne au saba anayekwenda chooni peke yake, mzazi huenda asijue kabisa. Mwekee poti kwa siku chache, utazame mwangani. Fanya hivyo zaidi ya mara moja, maana uvimbe huu una tabia ya kuziba na kuachia: wiki hii macho ni ya manjano na choo kimepauka, wiki ijayo kila kitu kimerudi sawa. Hapa ndipo familia nyingi hupotea. Umanjano ukiondoka wenyewe, sifa huenda kwa dawa yoyote iliyokuwa ikitumika siku hizo, iwe ya malaria, glukosi ya unga au majani ya kuchemsha, na mtoto harudishwi hospitali hadi uvimbe uzibe tena. Umanjano uliokuja na kuondoka mara mbili unahitaji kuchunguzwa hata kama leo mtoto anacheza.

Jambo jingine ambalo wahudumu wa mashariki wanalijua lakini hulisahau wakati wa foleni: katika eneo lenye malaria nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea kwenye damu bila vimelea hivyo kuwa ndiyo sababu ya homa yake. Kipimo cha malaria kikionyesha ndiyo, mtibuni. Lakini kama choo kimepauka, kipimo hicho hakijamaliza kesi.

Kwa watoto wachanga sheria ni kali zaidi. Umanjano wa siku za kwanza ni wa kawaida na kwa mtoto aliyetimiza miezi hupungua ndani ya wiki mbili. Ukivuka siku ya 14, kumwanika mtoto kwenye jua la asubuhi hakutoshi tena. Apimwe damu, na kipimo kionyeshe bilirubini ya aina zote mbili, ile ambayo bado haijapitia kwenye ini na ile iliyokwishapita. Ikiwa iliyopita kwenye ini ndiyo imezidi, jua halina msaada wowote. Mchanga mwenye choo cheupe ana washukiwa wakuu wawili: uvimbe tunaouzungumzia, na kuziba kabisa kwa mirija ya nyongo. Huo wa pili ni mbio na wakati. Upasuaji wake, uliobuniwa na Mjapani Morio Kasai katika miaka ya 1950, huleta matokeo mazuri zaidi mtoto akiwa hajafikisha siku 60. Kwa sababu hakuna anayeweza kuutenganisha ugonjwa mmoja na mwingine kwa macho, mchanga wa choo cheupe apelekwe hospitali ya rufaa wiki hiyohiyo.

Watoto wakubwa huja kwa njia nyingine. Vitabu vya tiba hutaja alama tatu: maumivu ya tumbo, umanjano, na uvimbe unaopapasika chini ya mbavu za kulia. Ni wagonjwa wachache wanaokuwa na zote tatu kwa pamoja, kwa hiyo anayesubiri zitimie atachelewa. Wengi huwa na maumivu yanayojirudia na kutapika, wakapewa dawa ya minyoo, kisha ya vidonda vya tumbo, kisha ya minyoo tena. Wengine huja na kuvimba kwa kongosho, maumivu makali yanayopenya hadi mgongoni. Na wapo wanawake ambao hugundulika wakiwa wajawazito, tumbo la uzazi linapousukuma uvimbe ambao walizaliwa nao na hawakuujua.

Ni kitu gani hiki

Ni mrija wa nyongo uliopanuka kupita kiasi. Mrija wa kawaida wa mtoto mdogo haufiki upana wa nusu sentimita. Wenye ugonjwa huu unaweza kupanuka sentimita kadhaa, ukajaa nyongo iliyotuama, na nyongo iliyotuama huzalisha mawe na kualika bakteria.

Mjerumani Abraham Vater alikwisha kuueleza mwaka 1723. Mwaka 1852 daktari wa Edinburgh aitwaye Douglas aliandika habari za msichana wa miaka 17 mwenye umanjano, maumivu na uvimbe tumboni. Kwamba mgonjwa wake alikuwa msichana si ajabu: wanawake huupata mara tatu hadi nne zaidi ya wanaume. Wagonjwa walio wengi hugundulika kabla ya kutimiza miaka 10.

Huko Ulaya na Marekani hukadiriwa kwamba mtoto mmoja kati ya 100,000 hadi 150,000 huzaliwa nao. Huko Japani ni mmoja kati ya 1,000 hivi. Uganda huzaa watoto zaidi ya milioni 1.5 kila mwaka. Hata tukichukua kipimo kidogo cha Ulaya, ni watoto kumi au zaidi kila mwaka, na wote wako mahali fulani, baadhi yao wakinywa dawa ya malaria wasiyoihitaji.

Maelezo yanayokubalika zaidi juu ya chanzo yalitolewa na Babbitt mwaka 1969. Kwa wengi wa wagonjwa hawa, mrija wa nyongo na ule wa kongosho huungana mapema mno, nje ya ukuta wa utumbo, na kufanya njia ndefu ya pamoja isiyo na msuli wa kuifunga. Maji ya kongosho, ambayo kazi yake ni kuyeyusha chakula, hupanda kwenye mrija wa nyongo na kuula ukuta wake taratibu. Ukuta hulegea na kutanuka. Miaka ikipita, ngozi ya ndani inayochubuliwa kila siku inaweza kugeuka saratani. Kwa mtoto chini ya miaka 10 hatari hiyo ni chini ya asilimia 1. Kwa mtu mzima ambaye hajapasuliwa imeonekana kuzidi asilimia 10.

Niseme wazi kwa ajili ya akina mama wanaolaumiwa na wakwe: maungano hayo hutokea tumboni mwa mama katika miezi ya mwanzo ya mimba. Hayaletwi na chakula alichokula mama, wala kazi aliyofanya, wala husuda ya jirani. Ugonjwa hauambukizi, na kwa kawaida ndugu zake mtoto hawana hatari ya pekee.

Madaktari huugawa katika aina tano kwa mpango uliokamilishwa na Mjapani Todani mwaka 1977. Aina ya kwanza, mrija wa nje ya ini kupanuka, ndiyo ya watoto wengi. Ya pili ni kifuko kilichochomoza pembeni, ya tatu iko chini kabisa ndani ya ukuta wa utumbo, na hizi mbili ni nadra sana. Ya nne hugusa mirija ya nje na ya ndani ya ini. Ya tano iko ndani ya ini tu, na hubeba jina la Mfaransa Jacques Caroli aliyeieleza mwaka 1958. Mzazi haihitaji hesabu hii kwa ajili ya kukariri. Anaihitaji ili amwulize daktari, “Ni aina ya ngapi?” kwa sababu matibabu hutegemea jibu hilo.

Vipimo na safari ya rufaa

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi. Haina mionzi, haichomi, na hupatikana katika hospitali na kliniki nyingi za Jinja na Mbale. Mtoto mkubwa asile kwa saa nne hadi sita kabla yake ili mfuko wa nyongo uwe umejaa; mchanga aruke nyonyo moja. Ubora wa jibu hutegemea swali lililoandikwa kwenye karatasi. Karatasi iliyoandikwa “tumbo linauma” huweza kurudi na jibu kwamba ini na bandama ni za kawaida. Iliyoandikwa “umanjano na choo kilichopauka, tafadhali pima upana wa mrija wa nyongo” humlazimu mpimaji autafute mrija huo na kuandika milimita zake. Mzazi ana haki ya kusoma ripoti na kuuliza, “Mrija wa nyongo una upana gani?” Kama haukutajwa, kipimo hakijakamilika.

Kando ya Nile na Ziwa Viktoria kuna sababu ya ziada ya kuwa makini. Kichocho cha tumbo huacha makovu kwenye ini na kukuza bandama, na minyoo mikubwa ya tumboni huweza kupanda hadi ndani ya mrija wa nyongo. Mpimaji aliyezoea kuviona hivyo huenda akauita uvimbe wa mrija kwa jina jingine: jipu la ini, au maji yaliyojikusanya karibu na kongosho. Swali la kulitatua ni moja tu: je, uvimbe huu umeungana na mirija ya nyongo? Na kabla swali hilo halijajibiwa, asiruhusiwe mtu kuuchoma sindano ili kunyonya maji, wala kumchanja mtoto chale juu yake. Nyongo ikimwagika tumboni ni dharura.

Altrasaundi za wajawazito nazo siku hizi huonyesha baadhi ya vivimbe hivi kabla mtoto hajazaliwa. Mama akiambiwa hivyo, mimba haina haja ya kuharakishwa. Mtoto azaliwe karibu na hospitali kubwa, kisha apimwe upya baada ya siku chache.

Damu hupimwa bilirubini, vimeng’enya vya ini na vya kongosho, wingi wa damu, na muda inaochukua kuganda. Hicho cha mwisho kisipuuzwe. Bila nyongo utumboni mwili haunyonyi vitamini K, na bila vitamini K damu haigandi. Mtoto wa hivi anaweza kuvuja damu kwa jeraha dogo. Sindano ya vitamini K ni ya bei nafuu na inaweza kuchomwa kabla hajaondoka wilayani.

Baada ya hapo daktari wa upasuaji hutaka ramani kamili ya mirija. Inayosifiwa zaidi ni picha ya MRI ya njia ya nyongo, ambayo kwa mgonjwa wa Busoga au Mbale kwa kawaida humaanisha safari ya Kampala. Picha ya siti skani husaidia pale MRI haipatikani au haimudiki. Na zinapokosekana zote mbili, mpasuaji hodari huweza kuingiza rangi maalumu kwenye mirija akiwa chumba cha upasuaji na kupiga eksirei papo hapo. Nasema hivi kwa sababu nimesikia familia zikisubiri miezi kutafuta fedha za MRI. Usisubiri picha hata usimwone mpasuaji. Mwone kwanza, yeye aamue picha gani inahitajika.

Buwenge iko kilomita zipatazo 25 kaskazini ya Jinja, kwenye barabara ya Kamuli, katikati ya mashamba ya miwa. Kituo cha afya cha ngazi ya nne kina daktari na kinaweza kuandika rufaa. Hospitali inayofuata ni ya Rufaa ya Mkoa ya Jinja, ambayo ina tawi la watoto la Nalufenya. Kwa watu wa Bugisu, Budaka na Pallisa ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbale. Hospitali hizi mbili zinaweza kutambua ugonjwa, kutibu maambukizi na kumtuliza mtoto. Upasuaji wenyewe unahitaji mtu aliyebobea katika upasuaji wa watoto, na wataalamu hao ni wachache nchini. Kitovu chao cha kazi na mafunzo ni Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago, Kampala.

Entebbe, kando ya ziwa, pana hospitali ya upasuaji wa watoto iliyofunguliwa Aprili 2021 na shirika la Kiitaliano la EMERGENCY, ikachorwa na msanifu majengo Renzo Piano. Huwapasua bila malipo watoto wenye kasoro za kuzaliwa nazo, zikiwemo za tumbo. Mwombe daktari wa Jinja au Mbale awasiliane nao kabla hujapanda gari. Wazazi wa Mbale huulizia pia hospitali ya CURE iliyo mjini kwao. Hiyo ni hospitali ya watoto yenye sifa ya kweli, lakini kazi yake ni ubongo na uti wa mgongo. Kwa nyongo usipoteze siku huko. Ila kuwepo kwake tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kumeonyesha kwamba upasuaji mgumu wa watoto unaweza kukita mizizi nje ya Kampala, na sioni kwa nini upasuaji wa tumbo usifuate. Wanaoishi mpakani, Malaba na Busia, wana pia Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, Kenya, ambako hospitali ya watoto ya Shoe4Africa ilifunguliwa 2015.

Rufaa ni karatasi, na karatasi hupotea. Piga picha kila jibu kwa simu. Beba kadi ya chanjo, ripoti ya altrasaundi pamoja na picha zake, orodha ya dawa zote zilizotumika pamoja na za kienyeji bila kuficha, na hata picha ya choo chenyewe. Daktari hatakuona mchafu. Atakushukuru.

Upasuaji wenyewe

Kwa miongo mingi madaktari waliuacha uvimbe mahali pake na kuutoboa tu, wakaushona kwenye utumbo ili nyongo ipate pa kupitia. Umanjano ulitoweka, mgonjwa akaenda nyumbani, na kila mtu akafurahi. Kisha wagonjwa wakaanza kurudi: homa za mara kwa mara, mawe, na miaka kadhaa baadaye saratani katika ukuta uleule ulioachwa. Ni sawa na kuchimba mfereji wa maji nje ya nyumba huku ukiacha ukuta uliooza usimame. Kwa sababu hiyo njia hiyo imeachwa, na mzazi ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kutia sahihi: “Mtautoa uvimbe wote?”

Leo, kwa aina ya kwanza na kwa sehemu ya nje ya aina ya nne, mpasuaji huuondoa mrija uliopanuka pamoja na mfuko wa nyongo. Huutenganisha kwa uangalifu na mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye ini, akaukata chini karibu na kongosho bila kuujeruhi mrija wa kongosho, na juu pale ambapo mrija wenye afya unaanzia. Ikiwa homa za muda mrefu zimeugandisha uvimbe kwenye mshipa, huacha ganda la nje na kubandua ngozi ya ndani, ambayo ndiyo yenye hatari. Kisha hukata utumbo mwembamba, akapandisha kipande chake cha urefu wa sentimita 30 hadi 40 na kukishona kwenye mrija wa ini; upande mwingine wa utumbo hushonwa chini yake, hivyo kwamba chakula hupita upande wake na nyongo upande wake. Mshono huu wa umbo la herufi Y ulipata jina kwa César Roux, mpasuaji wa Lausanne, Uswisi, mwishoni mwa karne ya 19. Baadhi ya madaktari huushona mrija wa ini moja kwa moja kwenye sehemu ya kwanza ya utumbo. Kazi huchukua saa kadhaa.

Aina ya pili hukatwa kifuko chake tu. Ya tatu mara nyingi hufunguliwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Ya tano ni ngumu: hutegemea dawa za maambukizi, kukata sehemu ya ini iliyoharibika, au kupandikiza ini, jambo ambalo kwa sasa familia nyingi za Afrika Mashariki hulifuata ng’ambo, hasa India.

Mtoto hapasuliwi akiwa na homa ya mirija ya nyongo. Kwanza hupewa dawa za kuua bakteria kwa mshipa, vitamini K, chakula cha kutosha, na damu huandaliwa. Akiwa hali mbaya mno, wanaweza kutoa nyongo nje kwa mpira kwa majuma machache, kisha wakamaliza kazi akipata nguvu. Hilo ni daraja la kupitia. Mgonjwa aliyewekewa mpira na kuruhusiwa kwenda nyumbani bado hajatibiwa, na asiache kurudi. Siku ya upasuaji, chakula kisimame saa sita kabla na maziwa ya mama saa nne kabla. Bibi asimpe uji kwa huruma, kwa maana chakula tumboni wakati wa nusukaputi kinaweza kuingia mapafuni.

Baada ya upasuaji mtoto hukaa na mpira mdogo tumboni wa kutolea majimaji. Ukianza kutoa maji ya kijani, mwambie muuguzi mara moja, kwani yaweza kuwa nyongo inayovuja kwenye mshono. Kula huanza baada ya siku chache na wengi hurudi nyumbani baada ya wiki moja hivi kama hakuna tatizo. Dalili ya kwanza ya ushindi ni choo kurudi kuwa cha hudhurungi. Uliza kama uvimbe uliotolewa umepelekwa maabara ukachunguzwe saratani, hasa kwa kijana na mtu mzima, na ulichukue jibu lake.

Gharama, na miaka inayofuata

Uganda ilifuta ada katika hospitali za serikali mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Hata hivyo kila aliyelaza mgonjwa anajua kwamba dawa na nyuzi za kushonea zikiisha stoo, familia hutumwa duka la dawa. Kisha kuna nauli, chakula cha anayemuuguza, na siku za kazi zinazopotea. Omba orodha ya vinavyohitajika mapema na uulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kama inaweza kusaidia. Wanafamilia wajiandae kuchangia damu. Kikundi cha kuweka akiba kijijini kikijua tarehe ya upasuaji, kinaweza kupanga. Kikiarifiwa usiku wa kuondoka, hakiwezi.

Kupasuliwa hakumalizi ufuatiliaji. Mshono wa mrija na utumbo unaweza kusinyaa baada ya miezi au miaka, mawe yakajikusanya nyuma yake, na hatari ya saratani, ingawa hupungua sana, haiondoki yote. Kwa hiyo mtoto aonwe katika miezi ya kwanza kama atakavyopangiwa, kisha apimwe altrasaundi na damu kila mwaka, hata akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Akipata homa yenye kutetemeka pamoja na umanjano au maumivu ya kulia juu, huenda ni maambukizi ya mirija ya nyongo na anahitaji hospitali siku hiyohiyo. Apimwe malaria, ndiyo, lakini mzazi atangulie kusema: “Huyu alipasuliwa mrija wa nyongo.” Andika maneno hayo kwenye jalada la kadi yake, pamoja na tarehe na jina la hospitali, maana kovu peke yake halisemi lililofanyika ndani.

Taiwan, tangu mwaka 2004, huwapa wazazi wa watoto wachanga nchi nzima kadi yenye picha za rangi za choo, zilizo salama na zisizo salama, na idadi ya watoto wenye mirija iliyoziba wanaopasuliwa kabla ya siku 60 imeongezeka. Kadi hiyo ni karatasi iliyochapishwa kwa rangi, basi. Haihitaji umeme, na mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuieleza kwa Lusoga, Lugisu au Kiswahili kwa dakika mbili. Naiomba Wizara ya Afya ya Uganda, na za majirani zake, ziichapishe ndani ya kadi ya kliniki ya kila mtoto. Na wewe msomaji uliye na mchanga nyumbani, usiingoje: kesho asubuhi, kabla hujafua nepi, itazame rangi yake mwangani, na ikiwa imepauka, anza safari ya hospitali.